Kumi ya spana sio kumi ya bolti: mimi na kisanduku changu cha tepu na dai cha bei chee

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba 2024, shamba la mikorosho Tandahimba ndani ndani huko, umande bado unadondoka kwenye majani, mjomba kakaa juu ya dumu la petroli ananiangalia, vibarua wawili wamesimama na ndoo za salfa, na mimi nimechuchumaa mbele ya bloa, ile mashine ya kupulizia dawa, nimeshika tepu, kile chuma cha kukatia thredi (meno ya bolti) ndani ya tundu, nahangaika kuiingiza kwenye tundu la bolti ya ekzosi. Haiingii. Na sio haiingii ya kubana kidogo, hapana, ni haiingii ya kutaka kupitisha mchi kwenye mdomo wa chupa ya soda.

"Mjomba," akaniambia taratibu, "si ulisema ya namba kumi unayo?"

"Hii ndo namba kumi mjomba, cheki hapa imeandikwa M10."

Hakunijibu. Akachukua spana yake ya kumi, akaokota ile bolti iliyotoka, akaivalisha spana kichwani, ikakaa pale imetulia kabisa. Halafu akanirudishia mkononi vyote viwili kama mwalimu anavyomrudishia mtoto daftari lenye makosa. Na mwalimu mwenyewe ni mimi, nafundisha fizikia.

Kwa msiojua mambo ya huku kusini, miezi hiyo mikorosho inatoa maua, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishakamata maua korosho usizitegemee, kwaiyo watu wanapuliza salfa ya unga kwa zile mashine za kubeba mgongoni, na inapulizwa alfajiri upepo ukiwa umelala na majani yana umande ili unga ushike. Jua likipanda upepo unaamka na siku ya kazi imeisha. Sasa bloa ya mjomba ekzosi ilikua inacheza, bolti moja imekula thredi kwenye bodi ya injini, ukiikaza inazunguka tu haikamati, na ekzosi ikicheza ile mashine inapiga kelele za ajabu na inachoma begani. Kanipigia simu, "bolti namba kumi imekufa thredi, si una kile kisanduku chako?", nikasema ninacho. Kisanduku chenyewe kifungio kilishakatika na nikihofia vitu kumwagika kwenye gari nikaona nisibebe chote, nikachomoa tepu ya M10, mpini wake na biti ya drili, nikatia kwenye begi la laptop nikapanda gari. Nimefika usiku. Bloa iko kwenye kibanda cha shamba. Hayo mengine mmeshayasoma.

Mafundi wetu wanaita bolti kwa spana inayoifungua, na hamna ubaya, ndo njia ya haraka. Bolti namba kumi ni ile unayofungua kwa spana ya kumi. Ila tepu haijui habari za kichwa, tepu inajua shina. M10 maana yake shina lina kipenyo cha milimita 10, na bolti inayofunguliwa na spana ya kumi shina lake ni milimita 6, yaani M6. Ile mnayoita namba kumi na mbili kwenye pikipiki ni M8, na hiyo hiyo M8 ukinunua ya kawaida hadiwea inakuja na kichwa cha 13. Namba kumi na nne ya pikipiki ni M10, ya hadiwea mara nyingi ina kichwa cha 17. Hayo yote nilikua nayajua! Nilishaandika hadi ubaoni siku moja. Ila mtu unayemheshimu akikuambia namba kumi unaenda kwenye kisanduku unatafuta kumi, akili inakua ishalala.

Siku ile mjomba alifanya wanavyofanya watu wote, akachambua waya wa umeme akatoa nyuzi za shaba mbili tatu akazizungushia kwenye bolti, akaikaza kwa nguvu, ikashika. Ikakaa kama saa moja hivi halafu ikaruka tusiione ilipoenda.

Ngoja nirudi nyuma niseme hicho kisanduku kilivyofika kwangu, maana watu wameniuliza sana kama kinafaa au ni hela imetupwa.

Mi naishi Mikindani. Nyuma ya nyumba nina kibanda nusu mabati nusu makuti, ndani kuna meza ya mninga, jiriwa moja la kizee (wengine mnaita vaisi), grinda ndogo, drili ya mkono na ujeuri mwingi. Natengeneza vitu vya nyumbani tu, jiko la mkaa, stendi ya maua ya mama watoto, lachi ya geti. Tatizo langu miaka yote lilikua moja, kila kitu nilikua naishia kuchomelea. Kitu kikishachomelewa ndo basi, hakifunguki, kikiharibika unakata na grinda unaanza upya. Nilikua natamani sana kuweza kutoboa chuma, nikakitia thredi, nikafunga kwa bolti na kufungua nikitaka.

Mdogo wangu yuko Dar, nikamtuma Gerezani pale Kariakoo. Akanitumia picha tatu WhatsApp. Kisanduku cha vipande 12, kisanduku cha vipande 40, na tepu moja moja za pakiti zinazouzwa pekee yake ambazo muuzaji alisema moja elfu kumi na tano. Nikaona huyu ana wazimu, tepu moja elfu kumi na tano wakati kisanduku kizima vipande 40 kinaanzia elfu themanini na mdogo wangu kaminyana nae hadi sitini na tano? Nikachukua cha 40. Shikeni hapo hapo kwenye hiyo hesabu, nitairudia.

Mzigo ukapelekwa kwenye basi mwanzoni mwa mwezi wa tano, na mnakumbuka mwezi wa tano 2024, kimbunga Hidaya. Mvua ikakata barabara upande wa Kilwa, Somanga huko, magari yakakwama pande zote, na kisanduku changu kikalala Dar karibu wiki mbili. Watu wanahangaika na unga na mafuta mimi nauliza habari za tepu, nilikua naona aibu hata kupiga simu.

Kikaja. Plastiki nyekundu, ndani kila kitu kimepakwa grisi ya kahawia inayonuka kama chumba cha jenereta. Tepu zake, dai zake (dai ndo inakata thredi nje, kwenye shina la bolti), mpini wa tepu, mpini wa dai, na kile kigeji chenye majani kama kisu cha kukunja cha kupimia hatua ya thredi, yaani umbali wa jino mpaka jino. Saizi zinaanzia M3 mpaka M12. Nikaanza kucheka nilipoona kuna M7 na M9, maana niambieni wenyewe, nani kawahi kuingia duka la Mtwara akauziwa bolti ya M7? Nikasema wameziweka tu ili vifike vipande 40. Kicheko hicho kilinirudia baadae.

Kwenye mfuniko pameandikwa HSS, ile haispidi, chuma cha kukatia kinachovumilia moto. Mimi siamini mfuniko. Nikawasha grinda, nikagusisha mkia wa tepu moja, ule wa mraba unaokaa kwenye mpini, kidogo tu. Chuma cha kaboni cha kawaida kinatoa cheche nyeupe nyingi zinazopasuka pasuka kama nyota. Haispidi ya kweli cheche zake ni chache, nyekundu iliyofifia, zinakwenda kama uzi bila kupasuka, na biti zangu za drili ninazoziamini ndo zinatoa hivyo. Tepu ya kisanduku ikatoa sherehe nzima ya nyota. Kaboni hiyo. Chuma cha kaboni kikishafika joto la nyuzi 200 na kitu kinaanza kulainika, haispidi inavumilia mpaka kwenye 600 hivi. Kwa kukata kwa mkono taratibu joto sio tatizo kubwa, kwaiyo kaboni inafanya kazi, ila makali yake yanaisha mapema na ukiinoa kwenye grinda ikageuka rangi ya bluu ujue umeshaiua.

Kitu cha pili, kila saizi na hatua yake kuna tepu moja tu. Seti za mkono zenyewe kila saizi inakuja na tepu tatu, ya kwanza imechongoka ndefu ili iingie kirahisi, ya pili ya kati, ya tatu bapa ya kumalizia chini kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili. Mimi nimepewa ya kati kati hivi. Kwenye tundu lililotoboka poa tu. Kwenye lisilotoboka thredi inaishia njiani na bolti inagoma kufika chini.

Mpini sasa. Yaani mpini ndo aibu ya kisanduku. Umetengenezwa kwa kale kachuma laini ka kuyeyusha kanakotengenezewa vitasa, meno yake hayashiki mraba wa tepu sawasawa, tepu inacheza, ukizungusha inainama upande. Nilichukua tupa nikayasawazisha yale meno mpaka yakakutana, ikapungua kucheza ila haijaisha.

Basi kazi ya kwanza, lachi ya geti. Bapa la chuma la milimita 8, nataka matundu mawili ya M5. Nikatoboa na biti ya 4 kwa sababu ndo iliyokuwepo, nikaweka tepu, robo ya mzunguko, nusu, inakaza, nikasema si ndo inakata, nikaongeza nguvu, tik. Sauti ndogo tu. Kama kuvunja njiti ya kibiriti. Kipande kimebaki ndani ya chuma na mkononi nina mkia.

Nilikaa chini kwenye kigoda.

Kosa halikua la tepu, na hapa ndo pana siri yenyewe ya hii kazi yote ambayo hakuna aliyeniambia wakati nahangaika na bei za visanduku. Tundu la kutoboa unalipata kwa kuchukua kipenyo cha bolti ukatoa hatua, ule umbali wa kutoka jino moja la thredi mpaka jino linalofuata. M5 ina hatua ya 0.8, kwaiyo 5 toa 0.8 ni 4.2. Mimi nimetoboa 4, hiyo nukta mbili ya milimita niliyoiacha tepu ilikua inalazimika kuila yenyewe, na tepu nyembamba vile haina ubavu huo. Sasa nenda madukani Mtwara mjini, zunguka, uliza biti ya 4.2. Watakupa 4 au 4.5 na jicho la kukushangaa. Ukitoboa 4.5 thredi inabaki kama nusu tu ya kimo chake, bolti inalegea.

Nikaweka hesabu zote kwenye kipande cha boksi nikakibandika ukutani kwenye kibanda, na ukikaa ukakiangalia unaona kitu cha kufurahisha, kwamba kuna saizi duka la kawaida linakupenda na saizi halikupendi. M6 hatua 1, biti ya 5, ipo kila duka, hata la mchele unaweza ukaikuta. M8 hatua 1.25, inatakiwa 6.8 hivi, haipo, ila ukitoboa 7 thredi inapungua kidogo na kwa vitu vya nyumbani inashika vizuri na tepu inapita kwa raha zaidi. M10 ya kawaida hatua 1.5, inataka 8.5, hii ukitafuta unapata. M12 hatua 1.75, inataka 10.2, mimi natoboa 10.5 na maisha yanaendelea. M5 na M4 ndo mitihani. Toka siku ile nikiwa na uhuru wa kuchagua nachagua M6, kila kitu M6, geti M6, jiko M6.

Kile kipande kilichovunjika kilikua bado kimo kwenye bapa. Chuma kigumu vile drili haikigusi, inateleza juu yake. Kuna mzee mmoja mfua vyuma, anatengeneza majembe na visu, nikampelekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umeleta mgonjwa?"

Akaligeuza lile bapa akakitazama kipande, akalilaza kwenye mkaa, kijana akavuta viriba mpaka bapa lote likawa jekundu kama pilipili iliyoiva. Mimi nikasogeza ndoo ya maji nikidhani nasaidia. Mzee akaisukuma ndoo kwa mguu. "Maji yatakifanya kiwe kigumu tena. Kifukie kwenye majivu. Uje kesho." Nikaja kesho, tupa ikawa inakikwangua kile kipande kama kinavyokwanguliwa chuma cha kawaida, nikakitoboa na biti ya 4 taratibu, nikapanua 5, nikatia M6. Na ule ulikua ushahidi wa pili juu ya mfuniko, maana haispidi halisi haikubali kulainika kwa usiku mmoja wa majivu, ingekua haispidi ningelitupa lile bapa. Yaani uongo wa mfuniko ndo ulioniokoa lachi yangu, hapo sijui nimshukuru nani.

Baada ya hapo nikajifunza adabu. Tepu inawekwa wima, unaangalia mbele na ubavuni, mimi natumia nati kubwa kama mwongozo, naipitisha tepu kwenye tundu la nati iliyolala juu ya chuma ili isiiname. Unazungusha nusu mbele unarudisha robo nyuma mpaka usikie kile kimlio kidogo cha unyoya wa chuma kukatika, ndo unaendelea. Mafuta ya kutosha. Kwenye chuma natumia mafuta ya nazi, msinicheke, huku ndo yapo, yanafanya kazi kuliko oili chafu ya gari na kibanda kinanukia kama kuna mtu anakaanga kitu. Alminiamu natia mafuta ya taa. Chuma cha kumimina, ile kasitaini, kavu kavu bila chochote, inatoka unga mweusi kama wa mkaa.

Ila kazi kubwa kabisa ya kisanduku hiki, kazi ambayo sitaki kusikia mtu anakitukana mbele yangu, ni kufufua. Mikindani chumvi ya bahari inakula kila kitu. Bolti za kitanda cha nje, za pampu, za bodaboda za majirani, za injini za boti, unakuta thredi ipo ila imejaa kutu na uchafu au imegongwa nyundo kichwa kimoja. Hapo hukati chuma kipya, unapitisha tu dai juu ya bolti au tepu ndani ya nati, inafuata njia iliyokuwepo, inatoa kutu, mtu anaondoka na bolti yake inaingia kwa vidole. Zile dai za pembe sita zinazofanana na nati kubwa zimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa, haziwezi kupanuliwa wala kubanwa kama zile za duara zenye mkato, na unaweza ukazizungusha hata na spana mahali mpini hauingii. Nilipojaribu kuzitumia kutia thredi mpya kwenye fito ya chuma ya milimita 8 kama ilivyotoka dukani ilikwenda upogo, nati inapanda huku inakata viuno. Baadae nikajua fito inatakiwa ichongwe ncha kwanza na iwe nyembamba kidogo kuliko saizi, kama nukta moja ya milimita.

Haya, turudi kwa mjomba, maana nilimwacha na waya za shaba.

Nikarudi Mikindani na lile bodi la bloa, alilifungua lote akanipa, akasema, "Mi sitaki uje tena na begi la laptop." Nikaliweka mezani nikalitazama. Tundu la M6 kwenye alminiamu, thredi yote imeng'oka imebaki laini kama ndani ya pete. Njia ya kawaida ni kupanda saizi inayofuata, M8, ila ile nundu ya alminiamu yenyewe upana wake milimita 11 tu, ukitia M8 ukuta unabaki milimita moja na nusu kila upande, na ekzosi inatetemeka na kupata moto, itapasuka wiki ya kwanza. Nikawaza koili za kurudishia thredi, zile za waya unazotia ndani ya tundu, nzuri sana lakini zinataka tepu yake maalum na huku sijaziona.

Nikafungua kisanduku. M7 ikawa inaniangalia.

M7 hatua 1. Saba toa moja, sita. Biti ya 6! Na tundu lililokufa la M6 lenyewe limeshakua karibu sita, yaani ni kulipitishia biti ya 6 ya dukani kulisawazisha na kutia tepu. Ukuta unabaki milimita mbili. Kile kisaizi nilichokicheka ndo kilikua kinasubiri siku hiyo. Nikatia mafuta ya taa, nikazungusha kwa vidole viwili tu, alminiamu ikatoka kama kunyolewa jibini, thredi inang'aa. Sasa bolti ya M7 unaipata wapi? Hupati. Na hata ukiipata ekzosi yenyewe matundu yake ni ya bolti ya 6.

Basi nikatengeneza stadi, kile kipande cha chuma chenye thredi pande mbili kisicho na kichwa. Upande mmoja M7 uingie kwenye alminiamu, upande wa pili M6 utoke nje upokee ekzosi na nati. Nikaibana drili kwenye jiriwa kwa vitambaa, nikaifungia fito ya 8 kwenye mdomo wake kama biti, nikawasha spidi ndogo, nikashika tupa juu ya ile fito inayozunguka. Ni leti (mashine ya kuchongea chuma kikizunguka) ya maskini. Inakula kidogo kidogo, unasimamisha, unapima na kalipa, kile kipimio cha unene, unawasha tena. Kutoka 8 mpaka 6.9 upande mmoja ilinichukua karibu saa nzima, na mkono wa kushoto ulikua unatetemeka hata nilipokua nakunywa chai. Upande wa pili mpaka 5.9. Mara mbili nimeila sana nikatupa. Ya tatu ikakubali. Nikachonga ncha, nikatia dai ya M7, halafu ya M6, mafuta ya nazi, nusu mbele robo nyuma, na safari hii hazikwenda upogo, kwa sababu fito ilikua na saizi yake na mwenye fito alikua na subira, kitu ambacho mwezi wa tano sikua nacho.

Nikaifunga mpaka ikakaa, nati juu na waya wa kuizuia isilegee. Uzuri wa stadi ni kwamba siku nyingine ukifungua ekzosi unazungusha nati kwenye chuma, alminiamu haiguswi tena. Mjomba akapuliza msimu wote.

Hapo nikapata kichwa kikubwa nikaligeukia jiriwa langu la kizee. Skrubu zinazoshika mataya yake zilikua mbili, moja ilishapotea zamani. Jiriwa hilo babu alilinunua kwa mtu aliyesema limetoka kwenye reli, ile reli ya Waingereza ya kutoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea wakati wa ule mradi wao wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951, reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60. Sijui kama ni kweli, kila chuma kizee huku kusini kimetoka kwenye reli. Ila skrubu ilikua inasema kitu. M6 ilikua inaingia kidogo na kucheza cheza halafu inagoma, na hakuna jani la kile kigeji lililokaa sawasawa kwenye meno yake. Nikaibingirisha skrubu iliyobaki juu ya karatasi, nikapitisha penseli, nikahesabu alama, 20 kwenye inchi moja. Shina milimita 6.35, yaani robo inchi, na vilele vya meno vimeviringana. Hiyo ni thredi ya Joseph Whitworth, yule injinia wa Manchester aliyewapangia Waingereza saizi moja ya thredi mwaka 1841, meno yake yana pembe ya nyuzi 55 wakati hizi zetu za milimita zina 60. Kisanduku changu chote cha vipande 40 hakina hata kimoja cha kumjibu. Ila sikuhitaji kumjibu, biti ya 7 inafuta thredi ya 6.35 yote haibaki hata alama, na 7 ndo tundu langu la M8. Kavu kavu, unga mweusi, robo saa, mataya yakakaa.

Sasa ile hesabu ya elfu sitini na tano. Ningerudishiwa hela ile leo, ningenunua kwanza zile tepu za pakiti nilizoziona za kiwazimu, mbili tu, M6 na M8, haispidi ya kweli ya kupimwa kwenye grinda, na biti ya 5 na ya 7 nzuri, na mpini wa chuma unaoshika. Hizo ndo ningekua nakatia thredi mpya kwenye chuma. Kisanduku ningekinunua baadae kwa kufufulia na kwa siku za M7. Hivi ninavyoandika nimeshazinunua hizo mbili, zipo kwenye kopo la maziwa na mafuta kidogo, watoto hawaruhusiwi kuligusa. Ila msiniulize kama najuta, sijuti, kisanduku kimeshajilipa kwa kutu za majirani peke yake, ingawa majirani hawalipi.

Msimu uliofuata simu ikaita saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, bolti imekufa tena, ya chini, namba kumi na mbili."

"Kumi na mbili ya spana au kumi na mbili ya bolti?"

Kimya. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anacheka kwa nyuma, halafu vyuma vinagongana kwenye boksi.

"Ngoja nikupigie," akasema, "natafuta rula."